Kata

Umeme umerudi Kisumu, jokofu linanguruma.
Sampuli ya arubaini na moja: kipande cha utumbo mpana,
mwanamke, miaka hamsini na miwili, Ahero.
Jina limefutwa. Namjua, hata hivyo:
Dorsila, aliyetupimia mchele, kisha akaongeza konzi.

RNA nyingi ni nyuzi. Zina ncha,
na kimeng'enya huanzia nchani, kikatafuna
mpaka ujumbe uishe.
Hii imejiviringa, kichwa kimeuma mkia,
kama ile kata aliyoiweka utosini chini ya gunia.
Kimeng'enya huizunguka, huizunguka,
hakioni pa kuuma.

Nayo hufyonza kama sponji
vile vijiujumbe vidogo vya kuziambia seli: basi, yatosha.
Seli hazisikii basi. Zinagawanyika,
zinatoboa ukuta, zinashika njia ya ini.

Alisema ni bawasiri. Mwaka mzima, bawasiri,
na haya ya kumvulia daktari nguo.

Naandika kiwango: mara sita
kuliko nyama jirani, ile nzima.
Kata. Neno lenyewe linanidhihaki:
hatujajua bado pa kuikatia.