Birika la Sumie

Nilisugua kwa waya na sabuni ya maua
birika la chuma la marehemu mke wangu,
ndani, hadi kitakoni, hadi bega likaniuma.
Ukoko mweupe ukabanduka kama magamba.
Nikajisifu: sasa ndiyo safi.

Kesho yake maji yalimiminika mekundu.

Basi nikavaa buti, nikapanda treni kwenda Morioka,
theluji imelala mpaka vizingitini,
kununua jingine. Jipya. Lisilonijua.

Bibi Oyamada hakuuliza nina kiasi gani.
Aliuliza: “Unachemshia maji, au unalowekea majani tu?
Maana hili dogo la zambarau
limepakwa enameli tumboni, nyororo kama kikombe.
Lipe majani, usilipe moto,
litachubuka.
Hili lenye vipele vya mvua ya mawe
ndilo la makaa. Linyanyue.”

Nikalinyanyua. Tupu, zito kama mtoto aliyelala.
“Na likijaa?”
“Likijaa utaujua umri wako.”

Akanionyesha: kifuniko kikae, kisicheze;
mdomo ukate maji, usiachie tone;
ukiligonga kwa ukucha liitike, lisikohoe.
Kizuri chajiuza, nikawaza,
mkono ushafika kwenye pochi.

“La zamani lilipatwa na nini?”

Nikamweleza. Waya. Sabuni ya maua.
Akafumba macho kama aliyekanyagwa kidole.
“Ule ukoko,” akasema, “ni maji yaliyobaki nyuma.
Mkeo aliyakusanya miaka mingapi?”
“Thelathini na mmoja.”
“Nawe ukayaondoa kwa asubuhi moja.”

Stovu ya mafuta ilinguruma pembeni.
Sikuwa na la kusema, nikatazama buti zangu
zikitoa dimbwi kwenye sakafu yake.

Hakuniuzia.
“Nenda kalichemshie machicha ya chai,
hayo hayo unayotupa. Chai na kutu huoana,
maji yatakuwa meusi kama wino. Mwaga. Rudia.
Ndani usiguse, hata kwa kidole.
Na kila siku ukimaliza, limwage lote,
liache wazi, joto lake lenyewe likaushe.”

Nimerudia mara nne.
Maji ya leo yametoka maangavu.
Kutu bado ipo, naiona, doa la rangi ya shaba kule chini,
ila haiji tena kikombeni.

Mpini nao una uzi alioufunga Sumie
asiungue; fundo lake limekaa upande wa mashoto,
maana yeye alikuwa wa mashoto.
Nikimimina kwa mkono wa kulia linanichoma kiganja.
Kisu kipo karibu. Mkasi upo.

Najifunza kumimina kwa kushoto.
Leo nimelowanisha meza kidogo tu.