Siku Tisini

Ndege ya saa kumi na moja alfajiri ilimwaga watu mia mbili,
kofia mpya za ukindu, miguu myeupe kama unga wa sembe,
foleni ikajikunja mara tatu mbele ya dirisha langu,
dirisha la viza, la pili kutoka mlango wa vyoo,
chini ya feni inayotikisa kichwa tu, haina upepo.

Wa arubaini na kitu alikuwa mama wa buibui,
pasipoti yake nyekundu, ya nchi ya theluji,
jina la mwisho lina konsonanti nne zimebanana bila irabu.
"Usijisumbue," akaniambia. "Mimi mwenyewe
nalijifunza miaka miwili,
na mwenye jina nalala naye kitanda kimoja."

Jina la kwanza: Thureya.
Mahali pa kuzaliwa: Mombasa.
Nikainua macho. Akainua yake.
Foleni ikakohoa.

Kwenye madhumuni ya safari kuna visanduku:
utalii, biashara, kuzuru jamaa, kupita.
Alitia alama kwenye utalii.
"Mama, si ungechagua jamaa?"
"Mwanangu, mtalii hupawa maua na maji ya dafu.
Jamaa huulizwa yuwaleta nini."

Anwani atakayofikia: hapo mfumo wetu wataka hoteli.
Yeye kaandika, mistari haikumtosha, akapanda nayo pembeni:
Kibokoni, kichochoro cha pili ukipita duka la halua,
nyumba ya gorofa moja iliyomwegemea jirani,
mlango haugongwi, mtu hupiga hodi akiwa njiani.
Kompyuta ikakataa. Haina nafasi ya jirani.
Nikamwandikia hoteli, Nyali, ya kwanza iliyonijia.

"Dola hamsini."
Noti yake ilikuwa imechanika pembeni, kiasi cha ukucha.
Keshia hapokei iliyochanika.
Akafungua kibeti, ndani ya kibeti bahasha,
ndani ya bahasha shilingi alizoondoka nazo,
noti pana, zanuka karafuu na kabati.
"Shilingi hatupokei," nikasema.
Niliisikia sauti yangu ikisema hivyo,
hapa, Mombasa, na ngao ya taifa begani.
"Hata zingekuwa mpya?"
"Hata zingekuwa mpya."
Akacheka mpaka akashika meza.

Kijana wa nyuma yake, kabeba ubao wa kuteleza mawimbini,
akambadilishia: ishirini mbili, kumi moja.
Akamwuliza kitu kwa lugha yao. Mama akamjibu,
kisha akanitafsiria bila kuombwa:
"Auliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza.
Nimemwambia, kwa pasipoti hini, naam."

Nikabandika stika. Ilikwenda upande kidogo.
"Umepatiwa siku tisini."
"Umepawa," akanisahihisha.
"Zatosha kupaka chokaa,
kama jirani hajauza ukuta."

Mimi ni mtu wa Wundanyi. Mwaka wa kumi na moja huu
nalipa kodi Mikindani, na mwenye nyumba bado huniuliza
sikukuu nakwenda kwetu lini.
Hakuna aliyenigongea muhuri,
wala hakuna aliyenizuia.

Zamu ilipoisha sikwenda kulala.
Nilivuka Makupa, nikaingia kisiwani na sare yangu,
nikamtafuta Kibokoni yule kichochoro asiyekubalika kwenye mfumo.
Duka la halua lauza chaja na vioo vya simu.
Mwenye nalo akanyoosha kidole bila kuinuka:
halua ilihamia kona ile, zamani, kabla yake yeye.

Nikasimama kati ya maduka mawili,
shati limenilowa mgongoni,
nahesabu vichochoro, kimoja, viwili,
nisijue nianzie pale duka lilipo
au pale lilipokuwa.