Nyuzi Kumi na Moja

Mume wangu ndiye aliyemwita Watasema,
makusudi, ili jioni akimwita ale
majirani wasikie na wajijue.
Mume akafa masika yaliyofuata.
Jina likabaki getini,
likila dagaa, likiwabwekea wauza mkaa,
na mimi pia, nikirudi na mwavuli mgeni.

Aprili alichana sikio kwenye seng'enge ya kina Shirima.
Juni ikawa nyuki: pua ikavimba kama kiazi kikuu,
nikacheka, kisha nikaona hapumui vizuri,
nikaacha kucheka,
nikaacha na gauni la bibi harusi chini ya sindano.
Elfu ishirini na tano.
Nikasema basi, mwaka huu tumemalizana na daktari.

Kumbe mwaka una miguu.
Leo, kabla ya kengele ya misa ya kwanza,
amerudi kwa mitatu,
wa nne anauburuta kama kanga iliyofunguka kiunoni.
"Ni bodaboda," akasema mtoto wa Ndewario, "wala hakusimama."
Paja limefumuka.
Ndiyo, limefumuka, neno la kazini kwangu,
sina lingine.

Dereva wa bajaji alitazama damu, akatazama viti vyake,
akataja nauli ya watu watatu.
Nikatandika kitambaa cha sare, kijani, mita mbili na nusu.
Kuna mtoto hapa Njoro atavaa sketi fupi muhula ujao.

Kwa Daktari Kileo si hospitali, ni duka la pembejeo:
dawa ya kupe, chanjo ya mdondo,
vifaranga wa siku moja wakilia ndani ya boksi.
Mwenyewe ndio kwanza ametoka Uru kumzalisha ng'ombe,
mabuti bado yana ushahidi.
Akainama. "Mama Aikande, huyu naye anakamuliwa?"
Ndio utani wake.
Ndilo pia swali la foleni nzima.
Mzee mwenye mbuzi aliniuliza bei, nikamtajia,
akahesabu kwa vidole, kimya kimya,
mpaka akafika kwa mbuzi mzima.
"Watasema," nikaita, "tulia."
Mzee akadhani namjibu yeye.

Kisha sindano ya usingizi, na ulimi ukatoka
upande, kama kipande cha utepe kilichobaki mezani.
Nikaambiwa nishike kichwa, nisitazame.
Nitaachaje kutazama? Ni mshono.
Sindano yake imepinda kama mwezi wa siku mbili:
anachoma mara moja, fundo, anakata,
anachoma tena, fundo, anakata.
Kwa mwendo huo shule zingefunguliwa watoto wakiwa uchi.
"Daktari, mbona hushoni mfululizo?"
Hakuinua macho.
"Uzi mmoja mrefu ukikatika, kidonda chote kinafunguka.
Hivi, akiufumua mmoja kwa meno,
kumi zitabaki zimeshika."

Nilitaka kumwambia mimi nilikuwa nimeshonwa vipi.
Vifaranga wakalia, mwenye mbuzi akakohoa,
nikanyamaza.

Kwenye kadi akaandika: Mgonjwa, Watasema.
Umri, takriban. Rangi, ya vumbi.
Kazi: hapo akasita,
akanitazama, akapiga mstari.
Elfu sitini na tano. Nusu leo,
nusu nikimaliza suti ya mwanakwaya.

Shingoni nimemvika ndoo ya rangi niliyoikata kitako
asijilambe.
Anagonga milango, anagonga cherehani,
anakunywa maji kwa kelele za watu sita.
Watoto wa jirani wamekaa ukutani tangu saa kumi
kama wako uwanjani.

Usiku nasikia plastiki ikikwaruza sakafu,
taratibu, ikija hadi kitandani kwangu,
ikisimama.
Nawasha tochi ya simu. Nahesabu.
Kumi.
Nahesabu tena, kwa kidole, bila kugusa.
Kumi.
Zimeshika.