Kumi na Mbili

Mashine ya posho ya Premji ilikuwa na kikohozi.
Ikisaga, Kaloleni nzima ilitetemeka meno.
Dizeli ikizimika ghafla, katikati ya debe la mtu,
baba aliacha alichoshika
(wembe, kijiko, mkono wangu)
akahesabu.

Achiel. Ariyo. Adek.
Midomo tu, bila sauti.
Akifika apar gariyo, kumi na mbili,
alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini,
kisha akaendelea kunyoa.

Sisi watoto tuliufanya mchezo.
Ogwel alikuwa mashine, mimi nilikuwa baba,
Rusalina kazi yake kuanguka kifudifudi vumbini.
Mama alitucharaza kwa mwiko, wote watatu.
Hakusema kwa nini.

Baba alikuwa mtia makaa melini.
Mwaka wa arobaini na nne meli yao ilikwama London
ikingojea boila,
akapanga chumba karibu na magati
kwa mjane mmoja, Bi. Hobday,
mwanamke mfupi aliyemzoesha kula samaki
aliyekwisha kufa siku nyingi.
Hayo niliyapata kwa mama. Yaliyobaki
alinisimulia mwenyewe, mara moja tu,
hapa Kisumu, mwaka ziwa lilipopanda likala gati,
tumeketi juu ya marobota ya pamba,
miguu yetu karibu iguse maji.

"Ndege isiyo na mtu ndani," alisema.
"Hebu fikiria. Hata wa kumlaani hayumo.
Inakuja juu ya mabohari, moto mkiani,
inanguruma kama mashine ya Premji.
Ikinguruma, u hai.
Ikinyamaza, hesabu.
Ukifika kumi na mbili ungali unahesabu,
ujue imebisha mlango mwingine."

Baadaye ikaja ile nyingine, roketi,
isiyobisha kabisa.
Nyumba huondoka kwanza,
kelele hufuata nyuma
kama mgeni aliyechelewa matanga.
"Ile haikunisumbua," alisema.
"Utaogopaje kitu
ambacho ukikisikia umeshapona?"

Nikajiona nimeelewa.
Nikasema: kumbe baba unaogopa kimya.
Akacheka kidogo, kama mtu anayetema kokwa.
"Kimya? Hapana, nyara.

Siku moja ilipita chini mno, vioo vikalia.
Nilikuwa mvunguni, nimeukumbatia mguu wa meza.
Nikaomba. Si Mungu. Yenyewe, ile mashine.
Endelea. Tafadhali. Usizimike hapa.
Ikanisikia.
Ikaendelea mitaa mitatu
hadi kwenye foleni ya mkate.
Bi. Hobday alikuwa wa tisa.
Alikuwa na kadi yangu ya mgao,
Nashon Obunga, wameliandika vibaya."

Kreni ikashusha robota.
Mtu akapiga mluzi, mwingine akamtukana.
Baba akayatazama maji yaliyozifunika reli
kama anayesoma kitu kule chini,
na mimi, msichana wa darasa la saba,
nikauliza saa ngapi tutakula.

Miaka ilipita kabla sijakumbuka
lile jambo ambalo hatukuligeuza mchezo,
kwa kuwa halikuchekesha:
ndege ikipita juu yetu, ikaenda zake salama,
baba alivua kofia
akaishika kifuani
hadi sauti iishe kabisa, upande wa Usoma.

Sasa posho inasagwa kwa stima.
Pale kwa Premji panauzwa simu.
Baba yuko Seme, chini ya udongo mwekundu,
na mchezo wetu Ogwel amekana kuukumbuka.

Ndege ya jioni kutoka Nairobi
hushuka chini mno juu ya paa langu, bati zikalia.
Inapita. Inaendelea.
Sina kofia mimi.
Nafungua fundo la kitambaa kichwani,
nasimama hapo jikoni, omena zikiungua,
nikiwaza ni nani, mitaa mitatu mbele,
amepanga foleni
na jina langu mfukoni.