Safu ya Makato

Kwenye karatasi yangu ya mshahara, hapa Uvinza,
safu ya tatu kutoka chini ilisomeka:
chama, elfu nne na mia mbili.
Kila mwisho wa mwezi niliitazama
kama mtu anavyomtazama mbu aliyeshiba.

Kisha tangazo likagongwa ubaoni, misumari minne:
asiyetaka chama asikatwe,
si ada, si uwakala, kila mtu na uhuru wake.
Nikasaini. Kalamu ilikuwa ya meneja,
akaniambia nibaki nayo.

Elfu nne na mia mbili!
Mwezi wa kwanza nilinunua mawese, lita moja,
na betri za tochi, ikabaki ya soda
niliyoinywa nimesimama mbele ya Zebida
aliyekuwa akipaka glisirini nyufa za viganja.
Zebida Ntiyakama, katibu wa tawi.
Aliuliza tu,
"Ruhwanya, ina baridi hiyo?"

Na nyongeza ilipotoka mwezi wa saba,
aliyoidai yeye, siku tatu mezani Kigoma,
kwa nauli ya michango ya wenzangu,
ikaniingia na mimi, shilingi kwa shilingi.
Nikasema moyoni: mjanja ni mimi.
Kumbe ujanja ni chumvi:
akitia mmoja, mchuzi unanoga;
akitia kila apitaye jikoni, hauliki.

Obadia akajitoa. Wa mizani wakajitoa, wote wanne.
Wa tanuri wakasema, sisi ni nani
tuwabebee wanaotembea mikono mitupu?
Wakautua.
Tulikuwa mia na arobaini. Walibaki kumi na tisa,
na kumi na tisa hawamlipi wakili,
wala pango la kile chumba karibu na stesheni
chenye meza moja na kalenda ya mwaka juzi.

Nisiseme uongo: kiwanda hakikufa.
Tajiri alileta tanuri la pili,
vijana kumi na mmoja wa Nguruka na Basanza wakapata kazi,
mmoja akaoa, nami nilikula wali wa harusi ile.
Na ni kweli pia, mweka hazina wa zamani
alinunua pikipiki ambayo hesabu yake haikusomwa.
Haya mawili nimeyaegemea kama fimbo
kila usiku uliponikatalia usingizi.

Lakini mkataba ulipoisha, hakuna aliyeketi mezani.
Mshahara ukasimama palepale, bei zikatembea.
Vijana wale wakaanza chini yetu kwa elfu thelathini,
nasi tukaambiwa, kwa upole, tuwaangalie.
Buti za miezi sita zikawa za mwaka,
maji ya chumvi yakajua njia ya vidole.
Saa za ziada zikabatizwa jina jipya: moyo wa kazi.

Mama Nyawenda, auzaye dagaa nje ya geti,
hakijui chama, hajawahi kukatwa,
lakini yeye ndiye aliyenipa hesabu kamili:
"Zamani mlichukua mafungu mawili mkasahau chenji.
Sasa mnauliza kama fungu linagawanyika."
Akalifunga daftari la mkopo kwa mpira wa tairi.
Binti yake karudi kutoka bwenini Kasulu,
anapanga dagaa, na hesabu anaijua kuliko sisi.

Jana karatasi imetoka.
Safu ya tatu kutoka chini bado ipo,
kompyuta haikujua kulifuta neno:
chama, halafu kistari.

Obadia kaachishwa kazi, kidonda cha mguu,
na Zebida anapita na bakuli la bati
kutafuta nauli ya kumpeleka kwenye usuluhishi.
Nikatia noti ya elfu tano.
Imezidi ile ada kwa mia nane.
Aliikunjua, akaitazama, akanitazama.
"Chenji sina," akasema,
akaenda kwa wa mizani.