Imekwisha

Mtoto wa kaka yangu, Famau, alirudi kutoka chuoni Mombasa
na daftari na kalamu mbili.
Akaketi juu ya kreti la soda, jikoni kwangu Langoni, akauliza:
Shangazi, kwa siku unapika kiasi gani?
Nikamwonyesha sufuria.
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Sufuria ya marehemu mama, pishi nane za mchele,
sikio moja lake, moja la kuchomelea.
Mama aliijaza mpaka shingoni kila alfajiri,
waje watu, wasije watu.
Nami nikaijaza miaka kumi na tisa.
Kumbe ndiyo iliyokuwa meneja.

Famau akachora safu tatu.
Ya kwanza: pika sawasawa kila siku, kitakachobaki kibaki.
Ya pili: wafuate watu, wakipanda panda, wakishuka shuka,
leo vibarua watatu, kesho mmoja.
Ya tatu: usiwashe moto mpaka mtu aseme anataka nini.
Akaninyooshea kalamu. Chagua.

Nikachagua kwenda kukuna nazi.

Chagua! Jumanne ile ya mvua
wajenzi wa Shela hawakuja, boti za Mokowe zimefungwa gatini,
pilau ikanitazama hadi magharibi.
Nikaigawa kwa majirani, wakashukuru sana,
na kesho yake hakuna jirani aliyenunua hata hamri.
Wiki ya Maulidi, sufuria ile ile, shingoni kule kule,
saa sita na robo nakwangua ukoko
na foleni imepinda kona.

Siku arubaini niliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo:
sahani zilizotoka, sahani zilizolala.
Ijumaa tisini na mbili.
Jumatatu thelathini na nane.
Jumatatu nyingine thelathini na tisa.
Jumatatu zina adabu kuliko wanangu.

Na vyakula navyo vikaanza kujisemea.
Mkate wa mofa hausubiri mtu aagize,
unga hulala usiku, ukiumuka umeumuka.
Samaki wa kupaka hataki kupikwa mapema:
mchana ni samaki, jioni ni kesi.
Pilau ndiyo ya kufuata chaki.
Kwa hiyo mofa sawasawa, samaki kwa kauli ya mlaji,
pilau kwa siku yake.

Shangazi, hizo ni safu zote tatu.
Nikamwambia, figa moja lini likainjika chungu?
Akaandika hilo pia.

Hesabu haikuwa ngumu. Neno ndilo gumu.
Mama alikuwa akisema, mtu akiya na ndaa, mpe,
na hakuna aliyemsikia akisema imekwisha.
Alikula kiporo yeye, tukala kiporo sisi,
shule tulikwenda tunanukia pilau ya juzi.
Daftari la Famau halikuniambia hivi:
kupanga ni kuchagua aibu utakayoiweza,
ya chakula kilicholala
au ya mgeni aliyesimama.

Nikanunua sufuria tatu ndogo, nyepesi, hazina historia.
Ile kubwa huikodisha kwa watu wa arusi.
Hurudi imesuguliwa kwa mchanga,
inang'aa kuliko ilivyokuwa kwangu.

Siku ya tisa, saa saba na nusu, akaingia Mzee Skanda,
karani mstaafu wa forodha, mlaji tangu enzi za mama,
kijiko chake mwenyewe mfukoni.
Pilau, akasema. Hakuuliza, alisema.
Nikaufuta mkono, nikaufuta tena.
Imekwisha.

Akatazama pale ukutani, penye duara jeusi la masizi
ilipokuwa ikining'inia.
Mama yako, akaanza,
kisha akakirudisha kijiko mfukoni, akatoka.
Nilikaa kizingitini nisijue mikono niiweke wapi,
jua bado juu, vyombo vimekwisha oshwa.

Kesho yake alikuja saa sita kasoro dakika kumi.
Hakunisalimu.
Akala.