Vidole Kumi

Nikiwa macho nina vidole vinane.
Viwili vilibaki kwenye msumeno wa duara, Mafinga,
mwezi wa sita, baridi ya kufa ganzi,
kwa hiyo damu niliiona kabla ya uchungu.
Cha kati na cha pete, mkono wa kushoto.
Chengula aliviokota, akavifunga kwenye karatasi ya andazi.
Sijamuuliza alivizika wapi.

Ndiyo maana ndotoni sipotei.
Wengine, nasikia, hujua wanaota
kwa maandishi yanayohama ukutani,
kwa saa isiyokubali kusomwa mara mbili.
Mimi nahesabu tu. Gumba, shahada, cha kati.
Kikiwepo cha kati, basi nimelala.

Mwanzoni nilifurahia mambo madogo.
Nilijikuna mgongo. Nilifunga vifungo vya shati bila kuomba msaada.
Nilishika msonobari wa miaka kumi na minane,
nikasikia utomvu ukinata kwenye vidole nisivyo navyo,
nikakaa hapo chini yake. Sikutaka kuruka popote.

Ni Chengula aliyenitia tamaa.
Alisema: ndoto ni sebule tu, bwana.
Umeingia, umekaa kitini, na mlango wa uani hujaugusa.
Ukijua unaota, usikimbie, usipae kama kunguru.
Tafuta kitanda humohumo ndotoni. Lala.
Ujitoe taratibu, kama mtu anayevua gambuti penye tope
na hataki soksi ibaki ndani.
Ukitoka kweli, utamwona aliyelala.

Nimejaribu usiku kumi na mmoja.
Wa kwanza nilicheka, nikaamka.
Wa tatu kitanda cha ndotoni kiligeuka rundo la mabanzi.
Wa tano jinamizi lilinikalia kifuani, zito kama gogo bichi,
nikaita Atuganile, Atuganile,
sauti ikawa unga wa mbao mdomoni.
Yeye anasema nilikoroma tu.

Wa saba sitaki kuusema.

Jana ukungu ulishuka mapema, ukapenya hata kwenye matundu ya misumari.
Nikahesabu: kumi. Nikalala ndani ya kulala.
Masikio yakaanza kuvuma, ule mvumo wa msumeno
kabla haujakutana na ubao,
na kila kitu mwilini kikasema vuta mkono.
Sikuvuta.

Nikawa juu, karibu na bati.
Si mbali. Asije mtu akawaambia nilifika mwezini,
sikufika hata Kinyanambo.
Niliona utando wa buibui kwenye kenchi niliyoipigilia mwenyewe,
kopo la kahawa linalotunza pete,
na huko chini, ndani ya blanketi mbili, mtu.
Amezeeka kuliko nilivyodhani. Mdomo wazi.
Nikamhurumia kama unavyomhurumia abiria wa kiti cha pili
aliyesinzia na kupitishwa kituo chake.

Nikataka kujihesabu. Mimi huyu wa juu, nina vingapi?
Nane ni mwili. Kumi ni ndoto.
Na roho, ikitoka kwa mlango wake,
hutoka na alama ya msumeno,
au msumeno haukuifikia?
Hilo tu. Sikutafuta pepo, sikutafuta wafu.
Nikainua mkono.

Atuganile akageuka usingizini.
Akaupapasa mkono wa yule wa chini, wa kushoto,
akaweka kiganja chake juu ya pengo
kama mtu afunikaye chungu maziwa yasiingie inzi,
bila kuhesabu,
nami nikashuka vibaya, kisigino kwanza,
nikafumbua macho kwenye giza lenye harufu ya mbao mbichi.

Sijui. Sikuwahi kuona.

Asubuhi umande umeganda juu ya magogo, mweupe kama chumvi.
Chengula ananiuliza kwa nyusi. Nawasha mashine.
Nasukuma ubao, navirudisha nyuma vidole vyangu,
vyote vinane,
halafu, kwa tahadhari,
na vile viwili.